Mkuki kwa Nguruwe

Ndugu msomaji, naomba nianze kwa kuungama, maana makala inayohukumu watu huku mwandishi wake kajificha nyuma ya mlango haina faida kwako wala kwangu. Kwa miaka mitano nilisafisha picha zangu kwa programu ya wizi. Sikuiita hivyo. Niliiita "ile ya kupewa", na ungeniuliza nimepewa na nani ningekutajia rafiki yangu wa Kariakoo, ambaye naye alipewa na mtu, na mtu huyo alipewa na mwingine. Ukiufuata mnyororo ule mpaka mwisho, hukuti mtu aliyetoa. Unakuta waliopokea tu.

Mimi si mpiga picha wa kazi. Siku za kazi niko stoo, naandika mizigo inayoingia na inayotoka. Picha ni ugonjwa wangu wa Jumapili. Kamera nilinunua mwaka 2013, mtumba, ina mkwaruzo ubavuni na mkanda wa mtu mwingine. Nilikuwa natoka alfajiri napanda daladala mpaka Feri, napiga wachuuzi wa samaki, napiga ngalawa, nikirudi nyumbani naangalia nilichopata, roho inashuka. Anga nililoliona la dhahabu limetoka la maziwa. Bahari imeinama kama chai kwenye kikombe cha mtu aliye ndani ya basi.

Aliyewahi kushika kamera ananielewa. Zamani fundi wa studio aliingia kwenye chumba cha giza, akacheza na dawa na mwanga mpaka sura ya mtu ikatokea inavyotakiwa. Siku hizi chumba cha giza kimo ndani ya kompyuta, na ufunguo wake ni programu. Bila programu una nusu ya picha. Basi swali langu la kwanza halikuwa la maadili hata kidogo. Lilikuwa swali la mfukoni: ufunguo huo bei gani?

Programu iliyokuwa inatajwa na kila mtu ilikuwa Photoshop. Waliianza ndugu wawili wa Kimarekani, Thomas na John Knoll, mwaka 1987, ikaingia sokoni mwaka 1990. Toleo la mwaka 2012 liliuzwa Marekani dola 699. Kwa fedha yetu ya mwaka ule ni zaidi ya shilingi milioni moja. Mwaka 2013 kampuni ikatangaza kwamba matoleo mapya hayatauzwa tena ya kumiliki moja kwa moja. Utalipa kila mwezi, na ukiacha kulipa, mlango unafungwa. Wapiga picha walitengewa kifurushi chao cha kama dola 10 kwa mwezi. Kwa aliyeko Chicago hiyo ni chakula cha mchana kimoja. Kwangu ilikuwa umeme wa mwezi, na hata ningekuwa nayo, ningeilipaje? Sikuwa na kadi ya benki ya kulipia vitu vya nje.

Nilipomweleza rafiki yangu alicheka mpaka akakohoa. "Achana na hayo bwana. Lete laptopu." Mwaka 2014 hiyo. Kwa nusu saa akawa ameshaiweka, toleo la dola 699, kufuli lake limeshavunjwa. Hakunitoza hata senti; nilimnunulia chipsi mayai. Nikamuuliza kwa mzaha kama tutafungwa. Akanijibu kwa sentensi ambayo naomba uishike, maana tutakutana nayo tena: "Kwani tumempunguzia nini huyo mwenyewe? Si bado anayo?"

Nikaona kweli. Bado anayo.

*

Kazi yangu ya kwanza kubwa ilikuwa picha ya bibi. Tulikuwa na picha yake moja tu ya ujana, nyeusi na nyeupe, aliyopigwa kwenye studio moja ya Tanga miaka ya 60, amesimama na khanga begani, macho makavu kama anamdai mpiga picha. Picha hiyo ilikaa miaka mingi ndani ya Kurani ya mjomba, ikakunjwa, ikaingia maji. Mkunjo ulipita katikati ya shavu mpaka kidevuni, na chini kulikuwa na doa la kahawia lililoula mkono mmoja.

Nilikaa nayo usiku sita. Unachukua kipande cha ngozi safi, unakipeleka juu ya palipoharibika, unarudia, unarudia tena. Pale mkunjo ulipokuwa mpana niliuzungushia mstari tu, nikabonyeza, na programu yenyewe ikatafuta cha kuzibia kutoka pembeni. Shavu likarudi. Mkono ukarudi. Bibi alipooneshwa aliishika karibu na uso wake, akakaa kimya, halafu akasema, "Mwanangu, huyu nilikuwa namkumbuka." Alifariki mwaka 2016. Picha hiyo ndiyo ipo sebuleni kwa mama mpaka leo, ndani ya fremu.

Nakusimulia haya ili usidhani naandika kama mtu aliyekaa pembeni. Kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kufanya kwa mikono yangu nilikifanya kwa chombo kisicho changu.

*

Sasa njoo mwaka 2018, Desemba. Nimeingia kwenye duka moja la vifaa vya ujenzi kununua koki ya maji. Ukutani kuna kalenda ya mwaka 2019, mpya, inang'aa, na juu ya miezi kuna ngalawa mbili na jua linachomoza nyuma ya tanga. Nikasimama. Ile ni ngalawa yangu! Nasema yangu kwa maana ya picha. Niliipiga mimi, nimelowa mpaka magotini, na niliiweka mwenyewe kwenye ukurasa wangu mtandaoni ili marafiki waione. Jina langu lilikuwa pembeni chini. Kwenye kalenda pembeni chini palikuwa na namba za simu za duka.

Nikaomba kumwona mwenye duka. Alikuwa mzee mmoja mpole, wala hakukana. Akanikaribisha kiti. Nikamweleza kwamba picha ni yangu na hakuniomba. Akaniangalia kwa mshangao wa kweli, si wa kuigiza, akasema: "Lakini kijana, picha si ilikuwa wazi tu, kila mtu anaiona? Nimekupunguzia nini? Si bado unayo?"

Ndugu msomaji, kuna maneno ambayo ukiyasikia kwa sauti ya mtu mwingine ndipo unajua yana ladha gani. Nilifungua mdomo kumjibu, nikakosa neno. Rafiki yangu wa Kariakoo alikuwa amenisindikiza siku ile. Mzee akanipa kalenda tatu kwa kunituliza, nikazipokea kama mjinga, tukatoka. Ndani ya daladala rafiki yangu hakujizuia: "Sasa wewe umekasirikia nini? Na hiyo picha uliisafishia kwa programu ya nani?"

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Nilikuwa nimeusikia tangu shule ya msingi, nikadhani ni wa mtihani.

*

Hebu basi tuziweke mezani zile hoja tunazojitetea nazo, moja moja, bila kuogopana. Nyingi zimewahi kuwa zangu.

Ya kwanza ni hiyo ya rafiki na mzee: sijampunguzia kitu. Ina ukweli ndani yake, tusiifanyie hila. Ukiiba mkate, mwenye duka analala na mkate mmoja pungufu. Ukinakili programu au picha, ya mwenyewe inabaki palepale. Kwa hiyo mimi sikubaliani na wanaosema kunakili na kuiba mkate ni kitu kilekile. Lakini siku ile dukani kuna kitu nilinyang'anywa, nilikihisi kifuani, na picha yenyewe haikuwa imetoka nyumbani kwangu. Ni nini basi? Nimelifikiria sana, na jibu nililolipata ni kauli. Nilinyang'anywa kauli juu ya kazi yangu. Labda mzee angeniomba ningempa bure, maana napenda watu waone. Labda ningemwambia aweke jina langu. Labda ningekataa, kwa sababu zangu. Yeye aliamua yote hayo kwa niaba yangu. Na waandishi wa ile programu, watu waliokesha kama mimi nilivyokesha na shavu la bibi, kauli yao niliikata mimi kwa sahani ya chipsi mayai.

Ya pili ni ya bei. Hapa sirudi nyuma hata hatua moja: bei ile haikutuhesabu. Ilipangwa kwa kuangalia mshahara wa watu wa mbali, na sisi tukabaki nje ya dirisha. Ukitaka niseme ni haki, sitasema. Lakini bei mbaya inanipa haki ya kulalamika, ya kususa, ya kutafuta kwingine. Inanipa haki ya kuchukua? Nadhani inategemea ninachochukua. Mtoto akiwa mahututi na dawa ipo, mimi sitamhubiria mama yake habari za leseni. Achukue, tutahukumiana baadaye. Ila kung'arisha anga la Feri siku ya Jumapili si uhai wa mtu. Ni hamu, na hamu ni kitu kizuri, kimejenga sanaa yote unayoipenda, lakini hamu haina haki za njaa. (Na sura ya bibi? Ilikuwa hamu au njaa? Hapo sina hakika, na nitarudi.)

Ya tatu husemwa kwa sauti kubwa zaidi vijiweni: wao wametuibia sana, sisi kuwachukulia programu ni kitu gani? Mimi ni mjukuu wa mkata mkonge wa Tanga, sihitaji kufundishwa historia hiyo. Lakini deni la babu halilipwi kwa mimi kusafisha picha. Hakuna hata senti iliyorudi shambani. Tena angalia mkono wenyewe. Mkono uliozoea kunakili cha Mzungu hauulizi pasipoti. Ndio huohuo uliojaza flashi kwa albamu nzima za wanamuziki wetu wa Bongo Fleva, ndio uliotoa fotokopi ya riwaya ya mwandishi wa hapahapa na kumwachia yeye sifa zisizolika. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda picha, na inalinda programu za kompyuta, kama inavyolinda vitabu na maandishi mengine. Ukilichana karatasi hilo upande wa programu, limechanika na upande wa shairi lako.

Ya nne ni ya wajanja: kampuni zenyewe zinajua, zinaacha, kwa sababu kijana aliyejifunza kwa wizi leo ndiye mteja wa kesho. Huenda. Basi hapo ndipo pa kujiuliza ni nani kamtega nani. Mimi miaka mitano nilijifunza njia za nyumba moja tu mpaka nikadhani hakuna nyumba nyingine duniani.

Kuna na hoja ya upande wa pili, kwamba programu zilizovunjwa kufuli huja na virusi. Ni kweli, nimeshaona laptopu ya mtu ikifa hivyo na picha za harusi ndani. Lakini hiyo ni hoja ya woga, siitumii hapa. Anayeacha kuiba kwa kuogopa mbwa ataiba siku mbwa akifa.

*

Lugha yetu ina bahati moja ambayo Kiingereza hakina. Wao wana neno moja kwa kitu kisicho na bei na kwa mtu asiye na minyororo, mpaka wenye programu zao wamelazimika kueleza kila mara wanamaanisha lipi. Sisi tunayo mawili: bure na huru. Lakini tunalo na tatizo letu. Bure kwetu ni pia kitu kisicho na maana. Kazi bure. Mtu bure kabisa. Ndiyo maana nilipoambiwa mara ya kwanza kuna programu ya picha isiyolipiwa, niliicheka kabla sijaiona. Ya wizi niliiheshimu kwa sababu mahali fulani ilikuwa na bei. Ya halali niliidharau kwa sababu haikuwa nayo. Hebu pima akili hiyo!

Inaitwa GIMP. Waliianza wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, mwaka 1995, na mwaka 1996 wakaitoa kwa watu. Vijana, ndugu msomaji, wa umri wa wengi mnaosoma jarida hili. Leseni yake inasema, kwa maneno yangu: itumie kwa kazi yoyote, ifungue uone inavyofanya kazi, ibadilishe, mgawie jirani, hata uza nakala ukipata mnunuzi. Sharti ni kwamba ukiigawa, ikiwa umeibadilisha au hukuibadilisha, umpe anayeipokea haki zilezile ulizopewa wewe. Tangu hapo imetunzwa na watu wa kujitolea kutoka nchi mbalimbali, na toleo lake la 3.0 lilitoka mwaka 2025, miaka thelathini baada ya kuanzwa.

Tazama tofauti. Rafiki yangu wa Kariakoo anaponinakilia Photoshop na anaponinakilia GIMP, mkono ni uleule, flashi ni ileile, shilingi zilizotoka mfukoni mwangu ni zilezile sifuri. Kinachotofautisha ni kwamba huku mwenyewe amesema chukua. Kauli yake imo ndani.

Sitakudanganya kwamba ni rahisi. Nilihamia mwanzoni mwa 2019 nikakaribia kulia. Kila kitu kiko mahali pengine. Vidole vilivyozoea njia ya zamani vinajikwaa. Kazi iliyokuwa ya dakika mbili ikawa ya ishirini, na ile ya kuzungushia mstari na kubonyeza kasoro ijizibe haikuwamo. Nilirudi kwenye kupeleka vipande vya ngozi mkono kwa mkono. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi niliinama miezi minne. Kwa picha ghafi za kamera nikajifunza darktable, nayo ni huru, imeanza mwaka 2009. Kwa asiye na kompyuta kabisa ipo Snapseed ya kwenye simu, hailipiwi. Ila hiyo ni mali ya kampuni, bure bila kuwa huru. Tumia, lakini jua siku wakiamua vingine huna la kusema.

Bei niliyolipa, basi, ilikuwa miezi minne ya Jumapili. Ni bei ya haki kwangu kwa sababu ni fedha niliyokuwa nayo.

*

Nilisema nitarudi kwa bibi.

Nilipojiona nimeiva, nikachukua tena ile picha ya zamani yenye mkunjo, nikaanza upya kwa GIMP. Nilitaka pale sebuleni pakae kitu kisafi, kisafi kwa maana zote mbili. Safari hii zilikuwa siku kumi na moja. Doa la mkono nililiweza. Shavu nililiweza karibu lote, ila pale kidevuni umebaki mstari mwembamba, kama uzi, ambao kila nikiufuta unaondoka na kivuli cha mdomo na bibi anakuwa mtu mwingine. Nikauacha. Nikaichapisha, nikaitia kwenye fremu, nikaipeleka.

Mama akaziweka mbili kifuani, moja kila mkono. Akaangalia muda mrefu. "Mbona huyu umemtia kovu?" Nikamweleza habari yote, programu, wizi, kalenda, kauli. Alinisikiliza kwa heshima kama anavyomsikiliza mtu wa bima. Mwisho akasema, "Baba, mimi nimekuelewa. Lakini huyu wa kwanza ndiye aliyemshika mwenyewe akasema namkumbuka." Akairudisha ile ya kwanza ukutani.

Ipo pale mpaka leo. Kila nikienda kula Jumapili nakaa chini yake. Ile yenye uzi kidevuni iko kwangu, juu ya meza ya kompyuta. Nimefikiria kumwambia mama aishushe, nikaona sina uso huo. Nimefikiria kuwalipa wale wenye programu sasa, lakini toleo lile halipo tena dukani, na kulipia mwezi mmoja wa kitu nisichokitumia ni kununua usingizi tu. Nilichofanya ni kidogo. Nilirudi kwa mzee wa duka, nikamwambia sitaki fedha, nataka jina. Kalenda ya mwaka 2020 ilikuwa na picha yangu nyingine, niliyompa mwenyewe kwa mkono, na pembeni chini nipo. Na kila nikipata kijana mtaani anayetaka kujifunza, namnakilia GIMP na kukaa naye mpaka ajue pa kushika. Wamefika wanne. Hata rafiki yangu wa Kariakoo anaiweka siku hizi kwa wanaoiomba, ingawa ile nyingine bado anayo kwenye droo.

Wewe unayeandika mashairi kwenye daftari na kusubiri siku utakapochapishwa, jaribu hili usiku wa leo. Fikiria shairi lako limo kwenye kadi ya harusi ya watu usiowajua, halina jina lako, na mwenye kadi anakuuliza kwa upole wa kweli: nimekupunguzia nini? Tafuta jibu lako. Ukishalipata, fungua kompyuta unayoandikia, angalia vilivyomo, ulisome jibu hilo tena kwa sauti.